Jina la Kwenye Boksi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na nani. Mtu akinipa zawadi, naigeuza chini kwanza nione kama imebandikwa bei. Mume wangu husema hata peponi nitafika nikiuliza nani analipia umeme. Sikuzaliwa hivi. Nililelewa hivi, Ngarenaro, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kumiminika madukani baada ya uhaba wa muda mrefu na kila mtu akawa anauliza vinatoka wapi na vya nani.

Baba alikuwa fundi redio, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano, mtu wa sauti ndogo. Alikuwa na tabia moja iliyomtesa mama: kitu chochote kilichoingia mkononi mwake alikifungua. Pasi, saa ya ukutani, kiberiti cha gesi, hata kufuli. Hakuamini kitu mpaka aone tumbo lake. Redio za Dubai zilipoingia, zile zilizozibwa kwa gundi badala ya skrubu, alizichukia kama mtu anavyomchukia jirani mbea. Alisema aliyetengeneza kitu kisifunguke ana jambo anaficha. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni ya meza yake nikimshikia skrubu kiganjani, nikayanywa maneno hayo pamoja na chai.

Mama alikuwa Mmeru wa kule juu mlimani, aliyezaliwa Mlutheri akasilimu alipoolewa. Mama yake, yaani bibi yangu, hakulikubali jambo hilo hata siku moja, ila hakugombana na mtu. Alichofanya ni kunipa jina alilolichagua yeye mwenyewe. Nikienda kwake likizo aliniita kwa jina la marehemu dada yake, jina la Kikristo kabisa, na mimi niliitika huku nakata majani ya ng'ombe. Baba alijua. Alisema bibi aachwe, mradi nikirudi Ngarenaro nirudi na jina langu.

Shuleni kwetu, shule ya msingi ya serikali, tulikuwa na kipindi cha dini. Kengele ikigongwa tuligawanyika: Waislamu kwa ustadhi kwenye darasa la mwisho, Wakatoliki kwa katekista, Walutheri na wengineo kwa mwinjilisti. Baada ya nusu saa tulirudi kwenye madawati yetu, wanne wanne, na hakuna aliyekumbuka nani alitoka wapi. Ilikuwa hivyo mpaka nilipofika darasa la tano, yalipokuja maboksi.

Mwalimu mkuu alitutangazia mstarini. Kuna kanisa, alisema, limepokea maboksi ya zawadi kutoka kwa watoto wa ng'ambo, na shule yetu imechaguliwa. Kila boksi lina vitu vya mtoto mmoja. Kila mwalimu wa darasa ataandika majina ya watoto wenye shida, bila kubagua dini wala kabila, na kamati ya akina mama wa kanisa itayapitia majina hayo. Kwanza tulipiga makofi. Halafu tukaanza kushuku. Mmoja alisema mtoto akipokea, picha yake inapelekwa Ulaya na baadaye yeye mwenyewe anafuata. Mwingine alisema pipi zimetiwa dawa ya kumfanya mtu aokoke. Ustadhi hakusema lolote, na hilo lilitutia wasiwasi kuliko yote.

Jambo la kuchekesha ni kwamba tulianza kushindana kuwa maskini. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anaficha. Wiki ile, watoto wenye viatu walikuja peku. Binti wa mwenye duka la nyama alivaa sweta lililotoboka viwiko, na tulijua ni la mtumishi wao. Mimi sikuweza kushindana kwa sababu mama hakuniruhusu kutoka nyumbani na sare isiyopigwa pasi. Alisema kama wageni wanakuja, basi ndiyo sababu zaidi ya kupendeza. Nilimwona mama yangu ni mtu asiyejua dunia inavyokwenda.

Nyumbani nililiuliza suala la maboksi kwa kuzungukazunguka. Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa anaichokonoa.

"Mtu hakujui, hajui unalala wapi, anakupa. Anataka nini?" alisema. "Usiandikishwe, mama. Tukihitaji kitu tutanunua, au tutakosa."

Nilimwitikia ndiyo baba. Na kweli nilikubaliana naye kabisa. Ila nililitaka boksi. Sijui kama wapo watu wenye umri wa miaka kumi na mmoja wanaoona tatizo hapo, mimi sikuliona.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mchaga wa Machame, mama mnene mwenye huruma, aliyetuuzia barafu na ubuyu wakati wa mapumziko kwa sababu mshahara ulikuwa haumfikishi popote. Alinipenda. Siku moja aliniita mezani kwake darasa likiwa tupu, orodha mbele yake, kalamu mkononi.

"Wewe nataka uwemo," alisema. "Lakini nikikuandika hivi ulivyo, kamati watakuruka."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Hili nimelifikiria kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi bila kubagua dini, na kamati ilikuwa haijalikataa jina la mtu yeyote. Lakini mwalimu wangu alikuwa mtu wa wakati ule kama sisi wote. Alipoambiwa bila kubagua, alisikia kwamba kubagua kupo.

Akaniuliza kama sina jina jingine. Nikamtajia lile la bibi. Akaliandika haraka, akafurahi. Kisha kalamu ikasimama, kwa kuwa jina la pili lilikuwa la baba, na jina la baba yangu hata kipofu angejua ni la msikitini. Mwalimu alifikiri kidogo, akaliruka, akaandika jina la ukoo wetu, ambalo ni la Kirangi tu, wanalo wengi, na halina dini. Nilisimama pale nikaangalia baba yangu anavyotolewa kwenye karatasi. Niseme ukweli, sikuhisi chochote. Nilihisi boksi.

Siku ya kugawa, gari jeupe liliingia uwanjani na akina mama wa kamati wakashuka na vitenge vya sare. Tukaimba. Ikaombwa sala ndefu, nami nikafumba macho nusu, nikitazama ni nani anayetutazama. Wakaanza kuita majina. Langu lilipoitwa sikuinuka, maana nilikuwa namsubiri mwingine ainuke, mpaka mwalimu akanifinya bega. Nilikwenda, nikapokea, nikapigwa picha.

Niliporudi kukaa, wakamwita mtoto wa muadhini. Baba yake ndiye aliyekuwa anaadhini msikiti wa jirani. Sauti yake tuliijua kuliko kengele ya shule. Wakamwita kwa majina yake yote matatu, moja baada ya jingine, yote ya Kiislamu, na hakuna hata uso mmoja uliobadilika. Mama mmoja wa kamati, mwenye miwani, alimkumbatia, akamwambia amsalimie babake. Nilimtazama mwalimu wangu. Mwalimu alikuwa anatazama paa la darasa la tatu.

Kumbe ningeweza kupata kwa jina langu. Nililia kidogo, na akina mama wakadhani ni furaha.

Boksi nililifungulia nyuma ya choo cha shule. Kulikuwa na sabuni, kitana, penseli, soksi, pipi, kidoli kidogo cha nywele za njano, na tochi ya bluu inayoenea kiganjani. Pipi nilizila hapo hapo, dawa au si dawa. Kidoli nilimpa rafiki yangu kwa sababu hakikuwa na mahali pa kujificha nyumbani kwetu. Sabuni nilimpelekea bibi. Tochi niliibonyeza, haikuwaka. Niliitikisa, nikaipiga kwenye goti, haikuwaka. Nikasema moyoni, si nilijua? Wanatutumia vilivyowafia. Lakini ilikuwa nzuri, isingefaa kutupwa, na mtu pekee niliyemjua wa kufufua vitu vilivyokufa alikuwa baba.

Nikampelekea karakanani. Nilimwambia ni zawadi ya hesabu, nimeshika nafasi ya kwanza darasani, na kwamba ninampa yeye ila haiwaki.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Aliifuta kwa kitambaa chake. "Zawadi ya hesabu," alisema. Akaniambia niende nikamsaidie mama, ataitazama.

Kesho yake ilikuwa inawaka. Nilimuuliza ilikuwa na nini, akasema kitu kidogo tu, akanitazama kwa muda, kisha akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo tochi ile ikawa ya kumulikia ndani ya redio, kwenye zile kona ambazo mwanga wa mlangoni hauzifikii. Na kila mteja aliyeisifia aliambiwa habari yake.

"Hii alinipa binti yangu," baba alisema. "Zawadi ya hesabu. Muulizeni mwenyewe, si huyo hapo."

Nami nilikuwa hapo, kwenye kigoda, na skrubu zao kiganjani. Nilijibu ndiyo. Kwa mwalimu wa Sombetini nilijibu ndiyo, kwa askari wa Kisongo nilijibu ndiyo, kwa mama muuza ndizi aliyeleta redio yake kila mwezi nilijibu ndiyo. Nilidhani baba ana majivuno. Nilimwonea hata aibu.

Kuhusu jina, mambo hayakuishia kwenye orodha. Kamati ilisema itarudi kuona maendeleo ya watoto wake, na mwalimu akaogopa kwamba wakilinganisha orodha na rejista watamkuta na kosa. Basi Januari, alipoandika rejista mpya ya darasa la sita, aliniandika kwa lile jina la boksi. Kamati haikurudi hata mara moja. Rejista ilibaki. Kila asubuhi niliitwa kwa jina la dada wa bibi, nikajibu nipo, na wenzangu wakazoea. Rejista ya darasa la sita ikazaa ya darasa la saba, na ya darasa la saba ndiyo iliyojaza fomu za mtihani wa taifa. Siku ya mtihani nilikuta kikaratasi kwenye dawati, na jina lile juu yake, bila baba. Nilikiona. Kulirekebisha kungetaka baba aitwe shuleni, na baba akiitwa angeuliza limeanzaje. Nikageuza kikaratasi, nikafanya mtihani.

Tena sikutegemea kufaulu. Shule kama yetu ilikuwa ikitoa wawili watatu kwa mwaka kwenda sekondari ya serikali. Mwaka wetu walitoka wanne. Majina yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, na baba, bila kuniambia, alifunga karakana akaenda kuyasoma mwenyewe.

Alirudi wakati wa chakula cha mchana. Alinawa, akakaa, akamwambia mama kwamba mtoto hamo. Amesoma mara mbili, kuanzia juu na kuanzia chini, akilitafuta jina langu na lake. Kisha akanigeukia akasema nisihuzunike, Mungu hakupanga, atanitafutia nafasi kwa fundi cherehani mmoja anayemjua. Alisema hivyo kwa upole mkubwa, na mkononi alikuwa bado ameshika tonge alilosahau kulila.

Nilikuwa nimeshakwenda kuutazama mlango ule asubuhi. Nilikuwa namba tatu.

Nilikaa kimya mchana ule na siku iliyofuata. Sitaki kujipamba. Nilipima kabisa: cherehani na siri yangu, au sekondari na macho ya baba. Waliofaulu walipaswa kuchukua fomu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Siku ya Jumatano, nilipoona baba anazungumza na fundi cherehani mlangoni, anamwomba kwa heshima anipokee, ndipo nilipoogopa kweli. Yule mtu alipoondoka nilimfuata baba mezani.

"Baba, mimi nimo," nilisema. "Mimi ni namba tatu."

Alikuwa anaunga waya, moshi wa risasi iliyoyeyuka unapanda. Nikamwambia yote, boksi, orodha, jina la bibi, rejista, na jinsi jina lake yeye lilivyorukwa. Hapo kwenye jina lake ndipo mkono wake uliposimama. Alichomoa kifaa cha kuungia, akakiweka kwenye kibao chake, akavua aproni.

"Vaa viatu," alisema.

Shuleni, mwalimu wangu alipomwona akaanza kulia kabla hajasalimiwa. Alisema alitaka tu nipate. Baba alimwambia anajua, na kwamba hakuja kugombana. Mwalimu mkuu alishika kichwa, akasema jina la kwenye mtihani haligusiki. Kinachowezekana ni mzazi aende mahakamani akaape kuwa mwenye jina hilo na binti yake ni mtu mmoja, na ailete hati kabla ya Ijumaa saa sita. Asipoleta, mwenye jina hilo hatajulikana alipo, na nafasi itakwenda.

Alhamisi asubuhi baba alivaa kanzu na koti lake la sherehe. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima nilikuwa nashuku. Nilishuku kwamba atafika mlangoni akageuka. Nilishuku kwamba ananipeleka ili hakimu aniadhibu. Mtu wa swala tano ashike msahafu alitaje jina la kanisani kuwa ni la mtoto wake, tena jina ambalo yeye mwenyewe hayumo ndani yake: nani angemlaumu akikataa?

Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Alipiga taipu, akasoma, akainua macho.

"Mzee, huyu mtoto alibadili dini?"

"Hapana," baba alisema. "Alikuwa mtoto."

Hakimu akampa msahafu. Baba akaapa kwamba anayeitwa hivi, akalitaja jina la dada wa bibi polepole, herufi zote mahali pake, vizuri kuliko hata bibi mwenyewe alivyolitamka, ni binti yake wa kumzaa, na kwamba jina lake la haki ni hili, akalitaja langu, kisha la kwake, kisha la ukoo. Alipofika kwenye la kwake sauti ilipungua kidogo, ikarudi. Akatia saini. Mhuri ukagongwa.

Tulitoka tukakaa kwenye ngazi, yeye akinyoosha goti lake bovu. Nikaanza kuomba radhi. Akaninyooshea kiganja ninyamaze, akatoa kwenye koti kile kijitabu chake cha kuandikia magonjwa ya redio. Katikati ya kurasa kulikuwa na kipande cha karatasi nene, kilichokatwa kwa mkasi mviringo, ukubwa wa shilingi, kimekunjika na kushika rangi ya kutu. Akanipa. Upande mmoja kulikuwa na kipande cha picha, mchungaji amebeba mwanakondoo, kichwa cha mchungaji kimekatika. Upande wa pili mwandiko wa mtoto, wino wa bluu, maneno machache ya Kiingereza yaliyobanana. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kwenye vitabu vya redio, lakini maneno hayo yalikuwa mepesi. Yalisema toa karatasi hii, itawaka. Na chini yake, Yesu anakupenda.

"Kilikuwa katikati ya betri," alisema. "Waliweka ili betri zisife njiani. Tochi ilikuwa nzima."

Nilimuuliza alikiona lini, ingawa nilijua. Mtu yule alifungua hata kufuli.

"Siku ile ile."

Miaka miwili. Wateja wote wale, tochi mkononi, binti yangu alinipa, muulizeni mwenyewe. Mimi niliyewashuku akina mama wa kamati, na ustadhi, na pipi, na mtoto wa ng'ambo aliyekata karatasi ili betri zangu zisife, nilikaa kwenye kigoda nikamwamini mtu mmoja tu kwamba hajui kitu. Kila aliponiambia niulizwe, alikuwa ananiuliza yeye. Nilimwambia, nikilia sasa, kwa nini hukunipiga, kwa nini hukusema.

"Nilikuwa nakungoja," alisema.

Alikichukua kile kikaratasi, akakirudisha kwenye kijitabu, akakunja hati ya kiapo akaiweka juu yake. Tulikuwa na muda wa kutosha kufika shuleni. Lakini hakuinuka. Alinitazama kama alivyonitazama ile siku tochi ilipowaka.

"Sasa niambie," alisema. "Hesabu ulikuwa wa ngapi?"

"Wa ishirini na nne, baba."

Akatikisa kichwa, akanipa mkono nimvute asimame, na tukaenda kuchukua fomu.